Wiki nzima kwenye njia ya madarasa ya zamani: kutoka Boston mpaka Farmville

Jumatatu, Boston

Mi ni mwalimu wa shule ya msingi Morogoro, niko likizo kwa mdogo wangu hapa Lowell, Massachusetts, na shemeji yangu (Mkenya wa Nakuru, Lowell ina Wakenya wengi sana) katoa gari lake na wiki yake ya mapumziko anizungushe sehemu ambazo historia ya shule na utoto wa Marekani ilitokea kweli. Kusoma nimesoma, sasa nilitaka kupaona. Swali langu ni moja na mtaliona linajirudia humu: mtoto wa huku aliingiaje darasani, nani alimtoa shambani na kiwandani akamkalisha kwenye dawati, na huyo aliyemtoa alikuwa anamtaka wa nini.

Tumeanzia School Street, mtaa mfupi tu katikati ya mji. Pale chini wanapopita watu kuna mchoro wa vigae vya rangi kuonyesha kwamba hapo ndo iliposimama Boston Latin School, ilianza 1635, mwaka mmoja kabla ya Harvard. Wavulana tu. Wasichana walikuja kuruhusiwa 1972, yaani mama yangu ameshanizaa wasichana wa Boston ndo wanaingia. Pembeni kuna sanamu ya Benjamin Franklin, ambaye alisoma hapo haukufika hata mwaka baba yake akamtoa, na alipofika miaka 10 shule ikawa basi tena, akaingia kwenye kazi ya baba ya mishumaa na sabuni. Kwa enzi zile hiyo ilikuwa kawaida kabisa, mtoto ni mkono wa kazi wa familia, shule ni kitu cha kupitia.

Serikali ya koloni iliingilia mapema lakini. 1647 Massachusetts ilitunga sheria kwamba mji ukifika familia 50 lazima uajiri mtu wa kufundisha kusoma na kuandika, ukifika familia 100 ufungue shule ya kuandaa vijana wa chuo. Na sababu wameiandika humohumo kwenye sheria, kwamba Shetani anataka watu wasiyajue Maandiko. Kwa hiyo mtoto wa kwanza kulazimishiwa mwalimu Marekani alilazimishiwa kwa ajili ya roho yake, mambo ya ajira na maendeleo yalikuja baadaye sana.

Mchana tukapanda Beacon Hill, vichochoro vya matofali, mpaka Joy Street kwenye Abiel Smith School, shule ya watoto weusi iliyofunguliwa 1835, sasa ni makumbusho. Jirani yake ni African Meeting House ya 1806, na kabla ya hili jengo watoto walikuwa wanasomea chumba cha chini cha lile kanisa. Hapo ndo alisoma William Cooper Nell. Mwaka 1829 kwenye mitihani alistahili medali ya Franklin, medali zilizotokana na pesa ambazo Franklin mwenyewe aliziacha kwenye wosia kwa ajili ya shule za Boston. Watoto wa Kizungu walipewa medali zao wakaalikwa na chakula cha jioni. Nell akapewa kitabu cha maisha ya Franklin. Alivyotaka sana kuona wenzake wanavyopongezwa aliomba aingie kama mhudumu, akawa anabeba sahani kwenye sherehe ambayo na yeye ilikuwa yake. Nimefundisha miaka mingi na nimegawa zawadi nyingi za kufunga shule, hii habari imenikaa kifuani siku nzima.

Huyu Nell akakua akaongoza mapambano ya kufuta shule za ubaguzi Boston. Na kesi yenyewe ilikuwa ya mtoto wa miaka 5, Sarah Roberts, ambaye kwenda shule ya weusi alikuwa anazipita shule tano za Wazungu njiani. Baba yake Benjamin Roberts, mchapishaji, akashtaki. Mawakili wake Charles Sumner na Robert Morris, huyu Morris akiwa mmoja wa mawakili weusi wa mwanzo kabisa nchini. 1850 wakashindwa, Jaji Mkuu Lemuel Shaw akasema mji una haki ya kuwatenganisha watoto. Wazazi hawakuacha, wakagomea shule, wakapeleka maombi bungeni, na 1855 jimbo likapiga marufuku ubaguzi wa rangi kwenye shule zake. Ila ile hukumu ya Shaw haikufa, 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitegemea kwenye kesi ya Plessy kuhalalisha ubaguzi nchi nzima. Kwa hiyo wazazi wa Boston walishinda kwao, lakini maneno yaliyotumika kumkatalia Sarah yakaenda kuwakatalia watoto wengine kwa karibu miaka 60.

Jumanne, Lowell

Leo hatukutoka mjini. Boott Cotton Mills ni kiwanda cha matofali kando ya mfereji, kinatunzwa na hifadhi za taifa, na ghorofa ya chini wamebakiza ukumbi wa mashine za kufuma zinazofanya kazi. Mlangoni unapewa vizibo vya masikio. Zikawashwa chache tu, chache, sakafu ikawa inatetemeka mpaka unaisikia kwenye meno, na shemeji ananiongelesha hapo karibu namwona midomo inacheza tu. Enzi zile ukumbi mzima ulikuwa unanguruma kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 1 usiku.

Wengi waliofanya kazi humu miaka ya 1830 walikuwa mabinti wa mashambani, ila walikuwepo na watoto hasa. Harriet Hanson aliingia ana miaka 10. Kazi yake ilikuwa kuondoa bobini zilizojaa nyuzi na kuweka tupu, kazi ya robo saa kila saa, muda unaobaki wanacheza au wanasoma, halafu wanarudi tena, siku nzima hivyo, dola mbili kwa wiki. Mama yake alikuwa mjane anaendesha bweni la kampuni. Oktoba 1836 kampuni ikapandisha gharama za bweni, ambayo ni sawa na kupunguza mshahara, wafanyakazi wakaamua kugoma. Kwenye chumba cha Harriet wakubwa wakaanza kusitasita, wengine wanaulizana tutoke tusitoke, na yeye mtoto wa miaka 11 akawaambia nyie kaeni mi natoka, akatoka, kugeuka nyuma anaona msururu unamfuata. Aliyaandika mwenyewe akiwa mtu mzima, na akasema ile siku aliona fahari kuliko karibu yote aliyofanya baadaye maishani.

Kilichofuata ndo nataka mkiangalie. Kampuni ikamfukuza mama yake kwenye ile kazi ya bweni. Wakamwambia kwamba wasichana wakubwa waliogoma usingeweza kuwazuia, lakini huyu ni mtoto wako na ulikuwa na uwezo juu yake. Kwa hiyo kwenye malipo mtoto ni mfanyakazi wa kampuni, kwenye mgomo anageuka kuwa mtoto wa mama. Mwaka huohuo 1836 Massachusetts ilipitisha sheria kwamba mtoto wa chini ya miaka 15 anayefanya kazi kiwandani lazima asome miezi mitatu kwa mwaka, na 1842 wakasema wa chini ya miaka 12 asizidishe saa 10 kwa siku. Saa 10! na hiyo ilihesabika ni huruma.

Kitu kimoja kwetu watu wa pwani na bara yake. Kwenye maelezo wanakuonyesha pamba ilikotoka, mashamba ya watumwa ya kusini, ambako watoto wadogo walikuwa wanachuma. Lakini vile vitambaa vyeupe visivyopakwa rangi vya viwanda vya huku New England vilipakiwa kwenye meli za wafanyabiashara wa Salem na kwenda Zanzibar, kuanzia miaka ya 1830 Wamarekani walikuwa na konseli wao pale, na hiyo ndo merikani ambayo misafara iliibeba mpaka Tabora na Ujiji kama pesa. Nikamwambia shemeji, hebu fikiria, mtoto mtumwa kachuma, mtoto wa kiwanda kabadilisha bobini, na kwetu kitambaa hichohicho kikanunua pembe na watu. Akanyamaza. Hakuna makumbusho iliyoniambia hilo leo, na naona ingestahili walau ukuta mmoja.

Jioni kwa mdogo wangu tumekula ugali na sukuma, tukaongea habari za Horace Mann maana shule moja jirani imebeba jina lake. Kwa ufupi: 1837 akawa katibu wa kwanza wa bodi ya elimu ya jimbo, akazunguka akikagua shule, akapigania shule ya wote inayolipwa na kodi ya wote, na 1839 ikafunguliwa Lexington chuo cha kwanza cha serikali cha kufundisha walimu, wanafunzi wake wa mwanzo wasichana. 1852 Massachusetts ikawa jimbo la kwanza kulazimisha shule, miaka 8 hadi 14, wiki 12 kwa mwaka. Jimbo la mwisho lilikuwa Mississippi, 1918. Hapo katikati ni miaka 66.

Jumatano, New York

Tumetoka usiku wa manane kukwepa foleni. Tenement Museum iko Orchard Street, Lower East Side, nyumba namba 97 iliyojengwa 1863, na mpaka ilipofungwa 1935 walishapita humo watu kama 7,000. Vyumba vitatu vidogo kwa familia, jikoni katikati, na chumba cha mbele chenye dirisha kilikuwa pia kiwanda cha nguo, baba na mafundi wake wanashona, watoto wanavuta nyuzi na kubeba mafungu. Mtoto akitoka shule hajatoka kazini, anarudi kazini.

Mimi nilikuja kwa ajili ya watoto wa nje ya nyumba zaidi. Wauza magazeti. Julai 1899 watoto waliokuwa wanauza magazeti ya Hearst na Pulitzer waligoma. Wakati wa vita na Hispania mwaka uliotangulia hao matajiri wawili walipandisha bei ya jumla kutoka senti 50 hadi 60 kwa nakala mia, vita ikaisha bei haikushuka, na gazeti lisilouzwa hasara ni ya mtoto. Wakagoma wiki mbili. Bei haikushuka lakini walipata kitu ambacho kwa mchuuzi ni kikubwa, magazeti yaliyobaki yakawa yanarudishwa na kulipwa. Watoto hao, wengine hawana pa kulala.

Na wasiokuwa na pa kulala mji uliwafanyia jambo lingine. Mwaka 1853 mchungaji Charles Loring Brace alianzisha Children's Aid Society, na mwaka uliofuata kundi la kwanza likapandishwa treni kwenda Michigan. Iliendelea mpaka 1929, karibu watoto 200,000. Wanafika kijijini, wanasimamishwa kanisani au jukwaani, wakulima wanawaangalia, wengine wanawashika misuli, wanachukua wanayemtaka. Ndugu wanagawanywa hapo. Wengi wao mzazi mmoja au wote wawili walikuwa hai. Naamini Brace alikuwa na nia njema, na waliopata familia za upendo wapo na wamesema. Lakini mi siwezi kumweka mtoto jukwaani achaguliwe halafu niite huduma.

Tumekaa Seward Park kula, hatua chache kutoka Orchard. Hii ndo ilikuwa bustani ya kwanza ya michezo ya watoto ya kudumu iliyojengwa na mji Marekani, 1903. Kabla yake mtoto wa huku alicheza barabarani kati ya mikokoteni. Mwaka mmoja baadaye, 1904, ikaanzishwa kamati ya taifa ya kupinga ajira ya watoto, ambayo 1908 ilimwajiri Lewis Hine, mwalimu wa shule aliyejua kamera. Hine alikuwa anaingia viwandani kwa ujanja, leo muuza Biblia kesho muuza postikadi, na urefu wa mtoto anaupima kwa vifungo vya koti lake, mtoto amefika kifungo cha ngapi, halafu mkono uko mfukoni unaandika. Sensa ya 1900 ilikuwa imehesabu zaidi ya watoto milioni 1.7 wa miaka 10 hadi 15 wakiwa kazini. Picha zake zilisaidia kupatikana sheria ya 1916, Mahakama ya Juu ikaifuta 1918, na sheria iliyosimama ilikuja 1938. Mwalimu aliyeamua kwamba kazi yake haiishii ubaoni, huyo nampenda.

Alhamisi, Carlisle, Pennsylvania

Leo ni siku ngumu, nitaandika taratibu.

Carlisle ni mji mtulivu, nyumba za matofali, miti. Pembeni yake kuna kambi ya jeshi mpaka leo, na kambi hiyo kuanzia 1879 mpaka 1918 ilikuwa shule ya bweni ya watoto wa makabila ya asili, Carlisle Indian Industrial School. Mwanzilishi alikuwa afisa wa jeshi, Richard Henry Pratt. Imani yake, aliyoitamka wazi 1892, ni kwamba Uindio (yaani ule uasili wa kabila lake) ndani ya mtoto uuawe ili mtu abaki. Wa kwanza kufika walikuwa Walakota kutoka Rosebud na Pine Ridge, Oktoba 1879, usiku, na wenyeji wa mji walijazana stesheni kuwaangalia.

Kwenye chama cha historia cha wilaya tulioneshwa picha za mpiga picha John Choate. Zinapangwa mbilimbili. Kuna kijana wa Kinavajo, Tom Torlino: ya kwanza nywele ndefu, hereni, mkufu, ya pili nywele fupi, suti, tai. Zilitengenezwa kwa makusudi kuonyesha wafadhili kwamba shule inafanya kazi. Nimeziangalia muda mrefu hizo mbili. Ukizitazama vizuri hata ngozi inaonekana nyeupe zaidi kwenye ya pili, mwanga ni tofauti.

Luther Standing Bear alikuwa mmoja wa lile kundi la kwanza. Alieleza kwamba siku moja darasani waliona ubaoni alama nyeupe wasizozijua, kila mtoto akapewa fimbo achague moja, na alichokigusa likawa ndo jina lake, likaandikwa kwenye kitambaa na kushonewa mgongoni kwenye shati. Hakujua anachagua jina. Baba yake alimpa jina, mwalimu akampa fimbo. Lugha za nyumbani zilikatazwa. Likizo wengi hawakurudi kwao, walipelekwa kukaa na kufanya kazi kwa familia za Kizungu.

Walipita watoto zaidi ya 7,800 kutoka makabila zaidi ya 140. Jim Thorpe, bingwa wa Olimpiki 1912, ni wa hapa. Zitkala-Ša, mwanamke wa makabila hayohayo ya asili, alifundisha hapa mwishoni mwa miaka ya 1890, halafu 1900 akaanza kuandika hadharani shule hizi zinawafanya nini watoto, na Pratt alichukia sana. Namwona kama mwenzangu wa kazi, maana kusema ukweli juu ya shule unayoijua kwa ndani kuna gharama yake.

Makaburi tuliyaona kutoka barabarani, kuingia kambini kunahitaji kibali. Mawe meupe ya kijeshi yamepangwa mistari, yote sawa, na baadhi yameandikwa Unknown. Wengi waliuawa na kifua kikuu na magonjwa mengine ya bwenini. Tangu 2017 jeshi limeanza kurudisha mabaki kwa familia na makabila yanayoomba, na 2021 watoto tisa wa Rosebud walirudishwa kwao, miaka zaidi ya 130 baada ya kuondoka. Ripoti ya serikali ya 2024 ilihesabu shule kama hizi 417 na vifo visivyopungua 973. Oktoba mwaka huo Rais Biden aliomba radhi, Desemba akaitangaza Carlisle kuwa eneo la kumbukumbu la taifa.

Shemeji kaniuliza kwenye gari, kwani dada, wazazi waliwatoaje? Wengine walilazimishwa, wengine waliona watoto wakijua Kiingereza watalinda ardhi isiendelee kuibiwa kwa karatasi wasizoweza kusoma. Hiyo ya pili ndo inayoniumiza zaidi. Walikuwa na sababu ileile ya kila mzazi anayenifungulia geti asubuhi.

Ijumaa, Hampton, Virginia

Safari ndefu kuelekea kusini, joto limeongezeka, ghuba ya Chesapeake yote upande wa kushoto. Hampton ilikuwa kituo changu cha lazima kwa sababu mbili, na ya pili inatuhusu sisi moja kwa moja.

Ya kwanza ni mti. Chuo Kikuu cha Hampton kina mwaloni mkubwa sana, matawi yametanda karibu mita 30 na mengine yameinama mpaka karibu na nyasi. Virginia ilikuwa na sheria ya 1831 ya kukataza kuwakusanya watu weusi na kuwafundisha kusoma. Mary Peake, mwanamke mweusi huru, alikuwa anafundisha kwa siri. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Kaskazini na Kusini ilipoanza 1861 watumwa wakakimbilia ngome ya jeshi la Kaskazini hapa jirani, na Septemba mwaka huo Mary akaanza kufundisha hadharani, watoto mchana, watu wazima usiku, na darasa la kwanza inasemekana lilikuwa chini ya mti huu. Alishakuwa na kifua kikuu, akafa Februari 1862. Na 1863 tangazo la ukombozi lilisomwa hapo mtini.

Kwenye historia yote ya shule za Marekani niliyopita wiki hii hapa ndo mahali ambapo hakuna aliyeburutwa. Watu walitoroka utumwa na kitu cha kwanza walichotafuta baada ya chakula ni herufi.

Sasa ya pili. 1868 Jenerali Samuel Armstrong alianzisha hapa Hampton Institute, kufundisha walimu weusi kwa kazi za mikono, usafi, nidhamu, kilimo, na masomo kiasi. Booker T. Washington, ambaye baadaye aliongoza chuo cha watu weusi cha Tuskegee, Alabama, alikuja 1872, sehemu ya njia kwa miguu, na mtihani wake wa kuingia ulikuwa kufagia chumba. Alifagia mara tatu, akafuta vumbi mara nne, mwalimu akapitisha leso ukutani hakuona kitu, akapokelewa. 1878 Pratt aliwaleta hapa wafungwa wake wa kivita wa makabila ya asili, akaona mfumo unafaa, mwaka uliofuata akafungua Carlisle. Kwa hiyo ile ya jana ilizaliwa hapa.

Na tawi lingine likaja kwetu. Thomas Jesse Jones, aliyefundisha Hampton, alikuja kuongoza tume ya elimu ya mfuko wa hisani wa Marekani, Phelps-Stokes, na 1924 tume hiyo ilizunguka Afrika Mashariki, Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar, akiwemo James Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo). Mapendekezo yao: Mwafrika afundishwe kwa mtindo wa Hampton na Tuskegee, kilimo, afya, ufundi, maisha ya kijiji. Serikali za kikoloni zilifurahi mno. 1925 ikafunguliwa Jeanes School Kabete, kwa msaada wa pesa za mfuko wa Carnegie, ikifuata mfano wa walimu wa Jeanes waliotembelea shule za vijijini huku kusini, ambao wa kwanza wao alikuwa Virginia Randolph wa Henrico hapahapa Virginia, 1908. Shemeji akashtuka, Kabete? Pale ndo baadaye pakawa KIA (Kenya Institute of Administration), leo Kenya School of Government, na yeye alifanya kozi pale kabla ya kuhamia huku.

Babu mzaa mama alisoma enzi za Mwingereza, alikuwa anatusimulia nusu ya siku ni jembe kwenye shamba la shule. Jembe si baya na hata sisi shuleni tuna bustani. Shida ni pale mtu aliyepeleka mtoto wake kusoma Kilatini anapokaa kikao na kuamua wa mwenzie jembe linamtosha. Du Bois, msomi mweusi wa huku, aliwaambia hivyo tangu mapema, na wazee wa Kikuyu walipofungua shule zao za kujitegemea walikuwa wanasema hilohilo.

Jumamosi, Farmville, Virginia

Mji mdogo, asubuhi tulivu, na jengo la matofali la ghorofa moja kwenye kona. Robert Russa Moton High School. Moton mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Hampton, ndo alimrithi Washington Tuskegee. Shule ilijengwa 1939 kwa wanafunzi 180, kufikia 1951 walikuwa zaidi ya 450, na wilaya badala ya kujenga ikaweka mabanda ya mbao yaliyofunikwa karatasi ya lami. Mvua ikinyesha yanavuja, wa karibu na jiko wanaungua, wa mbali wamevaa makoti. Shule ya Wazungu ilikuwa na ukumbi wa michezo, kantini, maabara.

Ukumbi wa shule wameuacha kama ulivyokuwa, jukwaa na pazia. Barbara Johns, miaka 16, alimlalamikia mwalimu wake wa muziki, na mwalimu akamuuliza, kwa nini wewe usifanye kitu? Akafikiria kwa miezi. Akakusanya wenzake wachache kwa siri. Tarehe 23 Aprili 1951 mkuu wa shule alipigiwa simu kwamba kuna wanafunzi wana matatizo stendi ya mabasi, akatoka, na walimu wakapata vikaratasi vya kuwaita wote ukumbini. Pazia likafunguka, wakamkuta Barbara. Akawaomba walimu watoke, akavua kiatu akagonga benchi, akaongea. Wote wakatoka, mgomo wa wiki mbili. Nilisimama mbele ya lile jukwaa nikiwa upande wa walimu, nikajiuliza ningetoka kimya au ningemshika mkono. Nimeamua ningetoka.

Mawakili Oliver Hill na Spottswood Robinson waliwaambia kesi ya kuomba jengo zuri hawaitaki, wataichukua ikiwa ni kupinga ubaguzi wenyewe. Wazazi wakakubali. Ikawa moja ya kesi tano za Brown, hukumu ya 17 Mei 1954 iliyofuta ubaguzi shuleni, na kati ya zote tano hii ndo iliyoanzishwa na wanafunzi. Barbara alihamishiwa Alabama kwa kaka wa baba yake kwa usalama. Virginia ilipoondoa sanamu ya Jenerali Lee, yule wa jeshi la Kusini, kwenye bunge la Washington 2020, ilimchagua yeye achukue nafasi.

Lakini kuna chumba cha mwisho, na ndicho kilichonifanya nitake kuja huku. 1959, baada ya kuamriwa kuchanganya watoto, wilaya hii ya Prince Edward ilikataa kutoa pesa, ikafunga shule zote za umma. Zote. Mpaka 1964. Watoto wa Kizungu wengi walifunguliwa shule binafsi na kwa muda pesa ya umma ikawasaidia ada, watoto weusi wakabaki na hewa. Waliokuwa na ndugu mikoa mingine walipelekwa, wengine walichukuliwa na familia za Waquaker majimbo ya mbali, wengine wakaingia kwenye mashamba ya tumbaku. Aliyekuwa na miaka 6 mwaka ule aliona darasa la kwanza akiwa na 10 au 11, aliyekuwa na 14 wengi hawakurudi kabisa.

Shemeji aliuliza walimu walikuwa wapi. Walimu weusi wa wilaya walipoteza ajira, wengi wakahamia majimbo mengine kutafuta kazi. Waliobaki pamoja na akina mama walifundisha kwenye vyumba vya chini vya makanisa, vitabu vya kuchangishana, bila mshahara wa kueleweka. 1963 zikafunguliwa shule za bure za muda, na Mei 1964 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Griffin ikaamuru wilaya ifungue shule.

2003 waliokosa masomo walipewa vyeti vya heshima. 2004 Virginia ikaweka mfuko wa kuwasomesha waliofungiwa, wakati huo wengi wana miaka 50 na kitu, na wapo waliojaza fomu wakarudi darasani wakiwa na wajukuu wanaosoma. Nawapongeza sana. Ila mfuko ule ulitakiwa uwepo 1964, siku ileile mlango ulipofunguliwa, na pesa yake itoke kwa waliozifunga shule.